Televisheni ya Kifaransa kwa njia ya intaneti: Mwenye nyumba ya wageni anunue nini?

Biashara ya kulaza wageni Unguja imekuwa kwa kasi. Takwimu rasmi zinaonyesha kuwa Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi hiyo ikapanda hadi zaidi ya 736,000. Ufaransa ni miongoni mwa nchi zinazoleta wageni wengi, na wapo pia Wabelgiji na Waswisi wanaozungumza Kifaransa.

Ongezeko hili limezaa maswali madogo madogo ambayo mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano au sita hakuyazoea. Moja ni hili: mgeni akiuliza kama kuna televisheni ya Kifaransa, ajibiwe nini?

Wauzaji wa majibu ni wengi. Yupo anayeuza dishi na king'amuzi. Yupo anayeuza kisanduku kidogo ambacho, kwa maelezo yake, kina chaneli maelfu za dunia nzima. Yupo anayeshauri kulipia akaunti ya filamu kwa kila chumba. Kila mmoja anataka fedha mbele, na kwa mfanyabiashara mdogo fedha hiyo ndiyo ambayo ingenunua godoro jipya au kulipa mshahara wa mfanyakazi katika miezi ya masika.

Ukweli ni kwamba chaneli nyingi za Kifaransa anazozihitaji mgeni wa kawaida zinapatikana kwenye intaneti bila malipo na bila kuvunja sheria. Kinachohitaji fedha ni njia ya kuzifikisha chumbani, yaani intaneti yenyewe, waya, na umeme. Mfanyabiashara anayeelewa tofauti hiyo ataokoa fedha nyingi.

Watazamaji ni nani?

Wanaozungumza Kifaransa wanaofika Unguja si Wazungu peke yao. Komoro, ambayo Kifaransa ni moja ya lugha zake rasmi, ni jirani wa karibu, na jamii ya Wangazija imekuwamo Unguja tangu zamani. Wafanyabiashara wa Komoro hufika Unguja na Dar es Salaam kununua bidhaa. Wapo pia wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi, na wengine kutoka Madagaska, Mauritius, Mayotte na Réunion.

Makundi haya hayatafuti kitu kimoja. Mtalii wa likizo hutaka taarifa ya habari ya nyumbani, mpira, na pengine katuni za kumtuliza mtoto wakati wa jua kali. Mfanyabiashara wa Kongo au Komoro hutaka habari za Afrika, maana bei ya dola na usalama wa njia vinamgusa moja kwa moja. Mwenye nyumba anayejua wageni wake ni wa kundi gani hatanunua kifurushi cha michezo kwa ajili ya mtu anayetaka habari.

Jambo jingine ni kwamba mgeni wa leo hufika na simu yake, na wengi huja na kompyuta au tableti. Mara nyingi hahitaji televisheni ya ukutani. Anahitaji intaneti isiyokwamakwama.

Kutoka dishi hadi intaneti

Zanzibar si ngeni katika mambo ya televisheni. Televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilianza mwaka 1973 ikiwa ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote; Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Miaka iliyofuata ilileta madishi, ambayo yalionekana juu ya mapaa ya hoteli nyingi za Mji Mkongwe. Kisha vikaja ving'amuzi, na mwezi Desemba 2013 Azam TV ikaingia sokoni.

Intaneti ya kutosha kubeba picha ilichelewa. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya Tanzania na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, na bei ilikuwa kubwa. Mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010, ndipo kutazama picha kwa intaneti kulipoanza kuwa jambo la kawaida.

Kwa mwenye nyumba ya Mji Mkongwe, mabadiliko haya yana faida ya pili. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kazi za ujenzi na ubadilishaji wa sura za majumba husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kutoboa ukuta wa mbele ili kufunga dishi si jambo la kuamua na fundi peke yake. Intaneti hupunguza usumbufu huo.

Vinavyopatikana bila malipo

La kwanza ni TV5MONDE. Kituo hiki kilianzishwa Januari 1984 kwa ushirikiano wa televisheni za Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi, na baadaye Kanada ikajiunga. Lengo lake tangu mwanzo lilikuwa kuwafikia wanaozungumza Kifaransa popote walipo. Mwezi Septemba 2020 kilizindua huduma ya intaneti iitwayo TV5MONDEplus, ambayo ni ya bure na inafunguka katika nchi nyingi duniani. Humo mna filamu, tamthilia, vipindi vya safari, vipindi vya watoto na kazi nyingi za Afrika, na vipindi kadhaa vina maandishi ya tafsiri kwa lugha nyingine.

La pili ni France 24, kituo cha habari kilichoanza Desemba 2006. Hurusha matangazo kwa Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu na Kihispania, na matangazo yake ya mubashara yanatazamwa bure kwenye tovuti yake na YouTube. Kwa mfanyabiashara wa Kongo au Komoro anayetaka habari za bara hili, hiki kinatosha.

La tatu ni Arte, kituo cha pamoja cha Ufaransa na Ujerumani kilichoanza mwaka 1992. Si vipindi vyake vyote vinavyofunguka nje ya Ulaya, lakini vingi hufunguka, hasa makala za historia, mazingira na muziki.

La nne ni redio. Wengi husahau kuwa mgeni mtu mzima anaweza kuridhika na sauti tu. Redio ya kimataifa ya Ufaransa, RFI, husikika kwa intaneti saa 24. Wasikilizaji wa Kiswahili wanaifahamu pia, kwani idhaa yake ya Kiswahili ilianza Dar es Salaam mwaka 2010. Redio hutumia sehemu ndogo mno ya bando linalotumiwa na picha.

Kwa hiyo, karatasi moja iliyoandikwa kwa Kifaransa na kubandikwa chumbani, yenye majina ya huduma hizi, neno la siri la intaneti na jina la mtu wa kumpigia pakiwa na tatizo, ina manufaa kuliko kifurushi cha mwezi ambacho hakuna anayekitazama.

Vilivyofungwa na sababu zake

Lipo lalamiko ambalo wahudumu wa nyumba za wageni hulisikia mara kwa mara. Mgeni anafungua huduma anayoitumia kila siku kwao, kama vile France.tv au TF1+, na anaambiwa kuwa kipindi hakipatikani mahali alipo. Hugeuka kumlaumu mwenye nyumba kuwa intaneti yake ni mbovu.

Intaneti haina kosa hapo. Haki za kurusha filamu na mechi huuzwa nchi kwa nchi. Kituo cha Paris kikinunua haki za Ufaransa, hakina ruhusa ya kumwonyesha mtazamaji aliyeko Paje au Kiponda, hata kama mtazamaji huyo ni Mfaransa. Mtambo husoma anwani ya intaneti, ukaona iko Tanzania, na kufunga mlango.

Kwa huduma za kulipia, Umoja wa Ulaya uliweka kanuni kuanzia Aprili 2018 inayomruhusu mteja kuendelea kutazama anaposafiri kwa muda. Lakini kanuni hiyo inahusu safari za ndani ya Umoja huo tu. Ikifika Zanzibar haina nguvu. Mhudumu anayeweza kueleza jambo hili kwa maneno mawili matatu ataepusha ugomvi na pengine maoni mabaya mtandaoni.

Hali inabadilika kidogo kidogo. Mwaka 2025 TF1+ ilianza kufunguliwa kwa nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa, lakini Tanzania haikulengwa. Mwezi Septemba mwaka huohuo kampuni ya Ufaransa ya Canal+, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na nguvu katika Afrika ya Kifaransa, ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice ya Afrika Kusini, mmiliki wa DStv. Hivyo kampuni moja sasa ina wateja wa Kifaransa na wa Kiingereza barani. Mfanyabiashara mwenye akili hatalipia leo kwa matumaini ya chaneli ambazo bado hazijatangazwa kwenye soko lake.

Netflix nayo imekuwa ikipatikana Tanzania tangu Januari 2016, na vipindi vyake vingi vina sauti au maandishi ya Kifaransa. Lakini akaunti ya kawaida ni ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Njia salama ni kumwachia mgeni atumie akaunti yake mwenyewe, na kumkumbusha aiondoe kwenye televisheni ya chumba kabla ya kuondoka.

Wapo wanaoshauri kutumia programu za VPN, ambazo humfanya mtazamaji aonekane kama yuko Paris. Hapa tahadhari inahitajika. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN kujisajili na kutoa taarifa zao. Aidha, huduma nyingi za televisheni zenyewe zinakataza njia hiyo. Mgeni akitumia yake kwenye simu yake ni juu yake. Mwenye nyumba akiifunga kwenye televisheni za vyumba, anajibebesha mzigo usio wake.

Kisanduku cha chaneli maelfu

Bidhaa inayowaumiza wengi ni kisanduku kinachouzwa pamoja na malipo ya mwaka mzima, kikidaiwa kuwa na chaneli zote za Ufaransa, Uingereza na Uarabuni. Bei yake huonekana ndogo ikigawanywa kwa idadi ya chaneli, na hapo ndipo mtego ulipo.

Nyingi za huduma hizo huiba matangazo ya wenye haki na kuyauza upya. Wenye haki nao hawalali. Nchini Ufaransa, mamlaka ya Arcom, iliyoanza kazi Januari 2022, ina uwezo wa kusaidia kuzifunga tovuti zinazorusha michezo kwa wizi. Mtambo wa wizi ukifungwa huko, kisanduku kilichoko Malindi hubaki na kioo cheusi. Aliyelipia miezi 12 na kupata miwili hana ofisi ya kwenda kudai, kwa sababu aliyemuuzia naye alinunua kwa mtu asiyemjua.

Kuna na upande wa sheria za hapa. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na taasisi inayosimamia haki hizo ni COSOZA. Kuonyesha mechi au filamu kwenye mkahawa au ukumbi wa hoteli si sawa na mtu kutazama chumbani kwake. Anayetaka kuweka televisheni kubwa ili kuvuta wateja wa chakula cha usiku aulize kwanza taratibu za leseni.

Si rahisi kujua kwa macho kisanduku kipi ni halali, kwa kuwa chombo chenyewe si haramu. Maswali matatu husaidia. Je, anayeuza anatambuliwa na kampuni inayomiliki chaneli hizo? Je, anatoa risiti yenye jina la biashara? Je, anakubali malipo ya mwezi mmoja mmoja? Akikwepa hata moja, ni bora kuachana naye.

Gharama halisi ni bando

Wafanyabiashara wengi hupiga hesabu ya chaneli na kusahau hesabu ya data. Picha ya kiwango cha kawaida inayosafiri kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 0.9 kwa saa. Picha ya kiwango cha juu inayosafiri kwa megabiti 5 hutumia takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Redio ya kilobiti 128 hutumia megabaiti 58 tu kwa saa. Yaani saa moja ya picha ya kiwango cha juu ni sawa na saa 39 hivi za redio.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba sita. Katika msimu mzuri vyumba vinne vina watu kila usiku, na kila chumba kinatazama saa mbili. Hizo ni tarehe 30 mara vyumba vinne, sawa na malazi 120 kwa mwezi. Kwa picha ya kawaida, kila lazi linatumia GB 1.8, na mwezi mzima ni GB 216. Kwa picha ya kiwango cha juu, mwezi huohuo unatumia GB 540.

Tuseme, kwa mfano tu, GB moja inanunuliwa kwa Sh 1,000. Picha ya kawaida itagharimu Sh 216,000 kwa mwezi, yaani Sh 1,800 kwa kila lazi. Picha ya kiwango cha juu itagharimu Sh 540,000, yaani Sh 4,500 kwa kila lazi. Tofauti hiyo ya Sh 2,700 inatoka mfukoni mwa mwenye nyumba, na mgeni anayetazama kwenye simu huenda asitambue tofauti ya picha.

Sasa tulinganishe na intaneti ya malipo ya mwezi isiyo na kikomo. Tuseme inauzwa Sh 150,000 kwa mwezi, kila mwezi, mvua ije isije. Kwa mwaka ni Sh 1,800,000.

Biashara ya Unguja ina misimu. Tuseme miezi mitano ni mizuri kama mfano wa hapo juu, miezi minne ina nusu ya wageni, na miezi mitatu ya masika ina malazi 20 tu. Kwa picha ya kawaida, bando litagharimu Sh 1,080,000 katika miezi mitano, Sh 432,000 katika miezi minne, na Sh 108,000 katika miezi mitatu. Jumla ni Sh 1,620,000, chini ya malipo ya mwezi kwa Sh 180,000. Lakini wageni wakiachwa watazame kiwango cha juu, jumla ya bando inapanda hadi Sh 4,050,000, zaidi ya mara mbili ya malipo ya mwezi.

Somo la hesabu hii ni kwamba jibu si moja kwa wote. Mwenye vyumba viwili kijijini, anayepata wageni miezi michache, anaweza kubaki na bando akapunguza kiwango cha picha. Mwenye vyumba sita mjini afikirie malipo ya mwezi, na aulize kama mkataba unaruhusu kusimamisha huduma wakati wa masika. Kila mmoja aweke bei halisi za mtandao wake mahali pa Sh 1,000 na Sh 150,000, kisha afanye hesabu upya.

Kuta nene na umeme

Intaneti ikishafika mlangoni, kazi haijaisha. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya waifai hayapenyi kuta hizo kwa urahisi. Ruta moja iliyowekwa mapokezi huweza kuhudumia ukumbi vizuri na kushindwa kabisa kwenye chumba cha ghorofa ya pili.

Dawa yake si kununua kasi kubwa zaidi. Dawa ni kuvuta waya wa mtandao hadi kila ghorofa na kuweka kifaa cha kurusha waifai hapo. Waya hulipiwa mara moja na hudumu miaka. Mwenye nyumba anayelipia kasi kubwa wakati mawimbi yanakwama ukutani ni sawa na anayeongeza pampu ilhali bomba limeziba.

Umeme nao ukumbukwe. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa tena gizani miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa nafuu, lakini kukatika kwa muda mfupi hakujaisha. Betri ndogo ya kuendesha ruta peke yake ni ya gharama nafuu kuliko jenereta, na humwezesha mgeni kuendelea kutumia simu yake taa zikizimika.

Mikongo ya intaneti nayo hukatika. Mei 12, 2024 hitilafu kwenye mikongo ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo biashara iliyoacha dishi lake la zamani juu ya paa likiwa zima ilikuwa na kitu cha kuwaonyesha wageni. Kwa hiyo anayehamia intaneti asikimbilie kuuza king'amuzi chake.

Saa za Paris na saa za Unguja

Katika kupanga matumizi, tofauti ya saa ina umuhimu wake. Paris iko nyuma ya Zanzibar kwa saa mbili wakati wa baridi yao, na saa moja wakati wa kiangazi chao. Taarifa ya habari ambayo Paris huisoma saa 2 usiku, Unguja huonekana saa 3 usiku kati ya mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, na saa 4 usiku miezi mingine. Mechi inayoanza saa 3 usiku huko, hapa ni saa 4 au saa 5 usiku.

Maana yake kibiashara ni kwamba mzigo mkubwa wa intaneti huangukia kati ya saa 3 na saa 6 usiku, wageni wote wakiwa wamerudi vyumbani. Kazi nzito za ofisi, kama kupakia picha na kusasisha kompyuta, zifanywe asubuhi. Bando la usiku, pale linapouzwa kwa bei ya chini, liangaliwe linaanza saa ngapi, maana likianza saa 6 usiku habari zimekwisha kusomwa.

Mkulima wa viungo anaingiaje?

Huenda mkulima wa Kizimbani au Kidichi akaona habari hii ni ya wenye hoteli peke yao. Sivyo. Watalii wengi wanaolala Mji Mkongwe hupelekwa kwenye mashamba ya viungo, na huko mwenye kueleza kwa lugha ya mgeni ndiye anayeuza zaidi. Historia yenyewe ina mkono wa Kifaransa: mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi ambako Wafaransa walikuwa wameupanda katika karne iliyotangulia. Hadithi hiyo ikisimuliwa kwa Kifaransa chini ya mkarafuu, mgeni huisikiliza kwa hamu.

Na hapa huduma zilezile za bure zina kazi ya pili. TV5MONDE ina mazoezi ya bure ya kujifunza Kifaransa kwa wanaoanza na wanaoendelea. RFI ina kipindi cha kila siku cha habari kwa Kifaransa chepesi, cha dakika 10. Kwa kilobiti 128, dakika hizo 10 hazifiki megabaiti 10. Kwa mwezi mzima ni chini ya megabaiti 300, yaani theluthi moja hivi ya GB moja. Kwa bei ya mfano wetu ni kama Sh 300.

Linganisha na kinachopotea. Mkulima asiyejua lugha husimama pembeni huku mtembeza wageni akieleza, akitaja bei na kuchukua sehemu yake. Anayejua kuhesabu, kutaja majina ya viungo, kueleza namna ya kuhifadhi vanila na kutaja bei kwa Kifaransa anazungumza na mteja moja kwa moja. Hali ni hiyohiyo kwa akinamama wa mwani wa Paje wanaouza sabuni, na kwa vijana wa Darajani wanaouza viungo vilivyofungwa.

Wakulima kumi wa kijiji kimoja wanaweza kuchangia bando moja, wakapakua vipindi mjini au mahali penye waifai, na kusikiliza pamoja jioni. Mwalimu wa lugha akiwepo ni bora zaidi, lakini kusikiliza kila siku humfanya mwanafunzi aizoee sauti ya lugha.

Hatua za kuchukua

Kwa mwenye nyumba ya wageni, mpangilio wa matumizi uwe huu. Kwanza, hesabu malazi ya mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi, na uone wangapi walikuwa wazungumzaji wa Kifaransa. Pili, linganisha bando na malipo ya mwezi kwa bei halisi. Tatu, pima mawimbi ya waifai katika kila chumba kabla ya kununua kasi kubwa zaidi. Nne, weka betri ya ruta. Tano, bandika karatasi ya huduma za bure kwa Kifaransa. Chaneli za kulipia zije mwisho, na kwa wageni waliokwisha kuziulizia zaidi ya mara moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Senti zinazolipia chaneli zisizotazamwa hupotea kwa namna hiyo: hakuna mwizi, hakuna moto, ila kila mwezi zinakwenda. Mwenye nyumba akizielekeza kwenye waya, betri na dakika 10 za lugha kwa siku, mgeni atapata habari za kwao, na mwenyeji atapata neno la kumwambia anapoagana naye asubuhi.